Maisha ya Muhumusa



Ukisimama juu ya kilima hapa Nyakatuntu asubuhi, ukungu ukishaondoka, utaona vilima vingine mbali. Kaskazini, ng'ambo ya mto Kagera, ni Uganda, nchi ya Wanyankole. Magharibi, ng'ambo ya mto huo huo, ni Rwanda. Katikati ya nchi hizo mbili iko milima mirefu yenye baridi. Huko wanakaa Wakiga. Wazee waliita sehemu hiyo Ndorwa.

Zamani mpaka haukuwapo. Watu walivuka mto na ng'ombe wao. Walioa na kuolewa pande zote. Habari hizi zilitokea katika milima hiyo, na sehemu yake moja ilitokea Bukoba, mji unaoujua.

Kwanza nikueleze kwa nini ninaziandika. Jioni moja katika darasa la kisomo tulikuwa tunasoma majina ya watu waliopigana na wakoloni. Tulisoma Mkwawa. Tulisoma Kinjikitile. Mama mmoja, ambaye mwezi uliotangulia alikuwa amejifunza kuandika jina lake, aliuliza kama siku zile wanawake wote walikuwa wamelala. Darasa lilicheka. Mimi ni mwalimu, lakini siku ile sikuwa na jibu. Nilikwenda kulitafuta. Jibu ni mwanamke aliyeitwa Muhumusa.

Nyumba ya mfalme

Muhumusa alitoka Rwanda. Huko kulikuwa na mfalme mwenye nguvu sana, jina lake Rwabugiri. Alipigana na majirani zake miaka mingi. Alikufa mwaka 1895.

Sasa angalia jinsi watu wa Rwanda walivyomtazama mwanamke. Mfalme wao hakutawala peke yake. Alitawala pamoja na mama yake. Mama wa mfalme alikuwa na nyumba zake, ng'ombe zake na watu wake. Wakuu walimwogopa. Kama mama mzazi amekwisha kufa, mwanamke mwingine alichaguliwa akae mahali pake, kwa sababu mfalme asiye na mama hakuwa mfalme kamili. Waganda nao walimpa mama wa Kabaka heshima kubwa, wakamwita Namasole.

Unaweza kudhani kwamba katika nchi hizo wanawake wote walikuwa wakubwa. Sivyo. Kule Buganda, ambako Namasole alisujudiwa, mwanamke wa kawaida hakuruhusiwa kula kuku wala yai. Tusiwacheke Waganda. Katika mkoa wetu huu wa Kagera bibi zetu waliamka usiku kukamata senene. Waliwanyonyoa mabawa, wakawakaanga vizuri. Kisha walioketi kuwala walikuwa wanaume.

Hata yule mama wa mfalme, nguvu zake zilipitia kwa mtoto wa kiume. Asiyezaa mwana wa kiume hakuweza kufika pale. Na mwenye mwana ambaye hakurithi alikuwa hatarini yeye na mwanawe. Kwa hiyo mfalme alipokufa, vita ya kwanza ilikuwa kati ya akina mama.

Rwabugiri aliacha mrithi, kijana aliyeitwa Rutarindwa. Mama yake mzazi alikuwa amekufa. Rwabugiri akamweka mke wake mwingine, Kanjogera, awe mama wa mfalme mpya. Hapo mzee alikosea. Kanjogera alikuwa na mwana wake mwenyewe wa kumzaa, mtoto mdogo, jina lake Musinga. Mwaka 1896, mahali panapoitwa Rucunshu, Kanjogera na ndugu zake walimpindua Rutarindwa, naye akafa pamoja na watu wake. Musinga akawekwa kwenye kiti. Kanjogera akatawala kwa jina la mtoto.

Muhumusa alisema kwamba yeye pia ni mke wa Rwabugiri. Alisema kuwa mwanawe, Biregeya, ndiye mwenye haki ya kurithi. Watu wa Kanjogera walikataa maneno hayo. Muhumusa hakungoja kuuawa. Alikimbilia kaskazini, Ndorwa, mbali na mkono wa mfalme.

Nyabingi

Huko Ndorwa alikuta watu wa namna nyingine. Wakiga hawakuwa na mfalme. Kila ukoo ulikaa kwenye kilima chake. Wazee walikata mashauri yao, na walipigana na ukoo wa kilima cha pili wakiona haja. Hawakuwataka watawala wa Rwanda, na hawakumtaka mtawala mwingine yeyote.

Mwanamke wa Kikiga alikuwa mtu wa jembe. Alilima toka asubuhi. Alipanda, alipalilia, alivuna, akapika. Lakini shamba lilikuwa la mume na ng'ombe walikuwa wa mume. Mume akifa, mali ilikwenda kwa wana wa kiume au ndugu za mume. Wewe wa Nyakatuntu hushangai, maana mambo haya unayajua. Mkoani kwetu mambo ya shamba la ukoo na mwanamke yalifika mpaka Mahakama Kuu ya Mwanza. Mwaka 1990 jaji aliamua kwamba mwanamke anaweza kuuza shamba la ukoo alilorithi, sawa na mwanamume. Kabla ya hapo mila ilimruhusu kulitumia tu.

Basi katika milima ile mwanamke asiye na ng'ombe na asiye na sauti barazani angewezaje kuwa mkuu? Njia ilikuwa moja. Iliitwa Nyabingi.

Jina hili wewe unayesema Kinyambo unalielewa bila kufasiriwa: ni yule mwenye vingi. Watu waliamini kwamba Nyabingi alikuwa mwanamke mkubwa wa zamani, ambaye roho yake ilibaki ikiwasaidia watu na kuwaadhibu. Masimulizi mengine yanasema asili yake ni Karagwe, nchi yetu. Wengine wanasema ni Ndorwa yenyewe. Hapa kwetu wazee waliwajua Wamara na Mugasha, na walikuwapo wanaume na wanawake waliosema kwa ajili yao. Nyabingi alikuwa jambo la namna hiyo, lakini yeye alikuwa mwanamke.

Watumishi wa Nyabingi waliitwa abagirwa. Walikuwa wanaume na wanawake. Mtu mwenye shida, kwa mfano mgonjwa au mke asiyezaa, alikwenda kwa mtumishi na zawadi: pombe, mbuzi, jembe, hata ng'ombe. Mtumishi aliingia ndani ya kibanda chenye giza. Sauti iliyotoka huko ilikuwa sauti nyingine. Watu waliisikia wakaogopa. Iliposema lete ng'ombe, ng'ombe aliletwa.

Fikiri juu ya mwanamke ndani ya kibanda kile. Nje ni mke wa fulani. Ndani, wazee wa ukoo wamekaa chini wanamsikiliza. Mali iliyoletwa ilibaki kwake. Nafikiri hii ndiyo sababu wanawake wengi walifuata njia ya Nyabingi. Jamii iliwanyima mlango wa mbele, wakapita ule uliokuwa wazi.

Muhumusa alipita mlango huo pia, lakini kwa ukubwa zaidi. Alikuja na madai ya kifalme kutoka Rwanda, na huku Ndorwa akapata nguvu ya Nyabingi. Watu walianza kusema kwamba Nyabingi mwenyewe anasema kwa kinywa chake. Vilima ambavyo havikuwahi kukubaliana vilianza kumtii mtu mmoja, naye mwanamke mgeni.

Bukoba

Wakati huo Wajerumani walikuwa wanatawala Rwanda na Tanganyika yetu. Kule Rwanda walimsaidia Musinga, maana kutawala kwa kumtumia mfalme kulikuwa rahisi kuliko kupeleka askari kila kilima. Kwa hiyo adui wa Musinga alikuwa adui wa Wajerumani. Walimkamata Muhumusa wakampeleka Bukoba, akakaa kizuizini kama miaka 2.

Leo mtu wa Nyakatuntu akienda Bukoba hupanda gari, akapita Omurushaka na Kyaka, akafika ziwani. Siku zile mfungwa alitembea. Muhumusa alikuwa mtu wa milima na mifugo. Alikaa mbele ya ziwa kubwa, akilindwa na askari wenye bunduki, mbali na watu waliomwamini. Wajerumani walidhani kwamba atasahauliwa.

Mwaka 1911 alikuwa huru tena, akarudi milimani. Hakusahauliwa hata kidogo. Watu walimpokea kwa furaha kuliko kwanza. Mtu aliyeingia gereza la Wazungu akatoka mzima, nani angesema kwamba Nyabingi hayuko naye?

Kilima cha Ihanga

Aliporudi alikuta jambo jipya. Mwaka 1910 Wajerumani, Waingereza na Wabelgiji walikutana Brussels, huko Ulaya. Waligawana milima hii. Hakuna Mkiga aliyeulizwa. Mwaka 1911 watu wao walikuja na vyombo vya kupimia, wakaweka alama za mpaka juu ya vilima. Sehemu aliyokuwamo Muhumusa iliangukia kwa Waingereza, ikawa sehemu ya Uganda.

Waingereza walileta Waganda wawe mawakala wao wa kutawala na kukusanya chakula na watu wa kubeba mizigo. Wakiga hawakuwapenda mawakala hao. Lugha yao ilikuwa nyingine na amri zao zilikuwa kali. Mmoja wao aliyejulikana sana ni Yoana Ssebalijja.

Muhumusa akatangaza kwamba atawafukuza Wazungu. Alisema kuwa ngoma takatifu ya ufalme imefichwa katika kilima cha Ihanga, katika nchi ya Wakiga. Ngoma ile ikipatikana, ng'ombe wengi watatoka ardhini, na mwanawe atakuwa mfalme. Inasimuliwa pia kwamba risasi za Wazungu zingegeuka maji. Umesikia maneno hayo katika habari za Majimaji, miaka michache tu kabla ya hapo, kuanzia 1905. Watu waliokuwa mbali mbali hivyo walifikiri jambo moja, kwa sababu walikuwa na shida moja: mkuki haushindani na bunduki.

Sitaki kukudanganya kwamba Muhumusa alikuwa malaika. Wakuu waliokataa kumfuata aliwashambulia. Wafuasi wake walichoma nyumba na kuchukua mifugo. Na ufalme aliotaka kuuweka ulikuwa ufalme wa Rwanda, ule ule ambao Wakiga waliuchukia miaka yote. Wengine walimfuata kwa kupenda na wengine kwa kuogopa. Wako wazee wa Kikiga waliokaa kimya wakiangalia nani atashinda. Tunapowasifu mashujaa wanaume huwa tunasamehe mambo ya namna hii. Haya yake ninayaandika, uyapime mwenyewe.

Mwezi wa Septemba 1911 askari wa Waingereza walikwenda Ihanga pamoja na Ssebalijja na watu wake. Walizunguka kambi. Watu wa Muhumusa walipigana kwa saa kadhaa kwa mikuki na mishale. Risasi hazikugeuka maji. Watu wake kama 40 waliuawa. Yeye alipigwa risasi mguuni, akakamatwa.

Hapa nataka usimame kidogo, ndugu msomaji, uangalie watu waliomkamata. Walitoka nchi iliyotawaliwa na mwanamke, Malkia Victoria, kwa miaka 63, mpaka alipokufa mwaka 1901. Sura yake ilikuwa kwenye fedha zao. Lakini mwaka huo 1911 mwanamke wa Uingereza hakuwa na haki ya kupiga kura ya bunge. Wanawake waliodai kura katika mji wa London walikuwa wanatiwa gerezani. Walianza kupata kura mwaka 1918, na hapo ni wale wa miaka 30 na zaidi tu. Wasichana wa miaka 21 walingoja mpaka 1928, wakati wavulana wa umri huo walikuwa wamekwisha kupata. Wanawake wa Ujerumani walipata kura mwaka 1918.

Kwa hiyo Wazungu hawakuwa mbele sana ya Wanyarwanda katika jambo hili. Wote walikubali malkia mmoja juu ya kiti, na wote waliwanyamazisha wanawake wengine. Mwanamke aliyeongoza watu kwa nguvu yake mwenyewe hawakuwa na jina la kumwita. Kwa watu wa Kanjogera, Muhumusa alikuwa mwongo anayejifanya mke wa mfalme. Kwa Wajerumani alikuwa mfanya fujo. Waingereza walichagua jina rahisi kuliko yote: mchawi. Mwaka 1912 serikali yao nchini Uganda ilitunga sheria ya uchawi, na watumishi wa Nyabingi walifungwa kwa sheria hiyo. Mwanamume akipigana na serikali aliitwa mwasi, na mwasi ni adui anayehesabiwa. Mchawi haulizwi anataka nini.

Kwa kweli alichotaka kilikuwa wazi. Alitaka kiti cha mwanawe, na alitaka wageni waondoke.

Miaka 34

Muhumusa alipelekwa Mbarara, kisha Kampala. Hakuruhusiwa kurudi nyumbani tena. Alikuwa kizuizini toka 1911 mpaka alipokufa mwaka 1945. Hesabu mwenyewe: ni miaka 34. Mtoto aliyezaliwa siku ya Ihanga alikuwa mzee wa nyumba, mwenye watoto wake, na mwanamke yule bado alikuwa chini ya ulinzi. Waingereza walimwogopa kwa muda mrefu kuliko walivyoogopa majeshi mengi.

Huku nje mambo hayakutulia. Mwaka 1912 kijana aliyeitwa Ndungutse aliinuka kaskazini ya Rwanda, akisema ni wa nyumba ya kifalme na akitumia jina la Muhumusa. Watu wengi walimfuata. Wajerumani walimwua mwaka huo huo. Mwaka 1917 wafuasi wa Nyabingi walivamia kituo cha serikali kule Nyakishenyi, wakaua watu zaidi ya 60. Katika viongozi wa vita hiyo anatajwa mwanamke mwingine, Kaigirirwa. Mwaka 1928 Waingereza walikuwa bado wanapeleka askari kuwatawanya watu wa Nyabingi karibu na Kabale.

Polepole wakoloni walifaulu. Watumishi wa Nyabingi walifungwa, na wengine wakabadili dini. Serikali iliweka machifu wanaume kila mahali. Wanawake wa milima ile walibaki na jembe, na kile kibanda chenye giza kikafungwa. Wakati mwingine huwa tunasema kwamba wakoloni waliwakuta wanawake wetu chini, wakawainua. Walijenga shule na hospitali, ni kweli. Lakini pale Kigezi palikuwa na mahali pamoja ambapo mwanamke aliweza kukaa na wazee wakamsikiliza, na mahali hapo walipafunga.

Muhumusa aliishi muda wa kutosha kuona maadui zake wakianguka. Wajerumani waliomfunga Bukoba walishindwa katika vita ya 1914 mpaka 1918, wakanyang'anywa Tanganyika na Rwanda. Musinga, yule mtoto wa Rucunshu, alitawala chini ya Wabelgiji mpaka mwaka 1931. Hapo Wabelgiji walichoka naye, wakamwondoa. Alipelekwa mbali na mji wake pamoja na mama yake, Kanjogera. Mama aliyepindua mfalme akafa uhamishoni mwaka 1933. Musinga mwenyewe alifia Kongo mwaka 1944. Muhumusa alikufa Kampala mwaka uliofuata.

Mwanawe hakupata kiti.

Jina la Nyabingi halikubaki milimani. Katika miaka ya 1930 lilivuka bahari mpaka Jamaika, kisiwa kilicho karibu na Amerika, kwa njia ya magazeti. Watu wa huko wanaofuata imani ya Rasta ni wajukuu wa Waafrika waliouzwa utumwani. Walilipenda jina hilo, wakaziita Nyabingi sala zao za usiku pamoja na ngoma wanazopiga. Wanazipiga mpaka leo, mbali sana na mto Kagera, na wengi wao hawajui kwamba katika Kinyambo neno hilo lina maana ya kawaida tu.

Yule mama wa darasani nilimsomea habari hizi kabla hazijapigwa chapa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alichukua chaki, akaenda ubaoni, akauliza Muhumusa huandikwa kwa herufi gani baada ya M.